Alhamisi ni Siku ya Miguu

Alhamisi, Machi 6

Mvua imeanza leo, siku yangu ya kazi, kwa makusudi kabisa. Nimefika kliniki nimelowa kama paka aliyetumbukia kisimani, lakini nimefika kabla ya Sista, muuguzi wetu.

Siku nyingine zote mimi ni fundi viatu mstaafu anayefichiwa sukari na mkewe. Alhamisi ni mtu mkubwa. Navaa aproni ya kijani, iliyokatwa kwenye pazia kuukuu, inayonifika vifundoni, nakaa kwenye kigoda mbele ya benchi la wagonjwa wa kisukari, na watu wananipa miguu yao. Sikuombwa na mtu. Nilijitolea mwenyewe mwaka juzi, waliponikata kidole gumba cha mguu wa kushoto na nikaona muuguzi ni mmoja na nyayo ni za mji mzima.

Kazi yenyewe ni hii: namvua mgonjwa viatu, natia mkono ndani ya kila kimoja mpaka kwenye ncha, natafuta msumari, kokoto, chochote. Halafu nawasha tochi natazama unyayo, kisigino, na katikati ya vidole ambapo mwenyewe hajapaona tangu uchumba. Ugonjwa huu ni mwizi mwenye akili. Kwanza unamlaza mlinzi, yaani unautia mguu ganzi. Ndipo unaingia kuiba.

Baada yangu anakuja Sista na uzi wake wa nailoni. Anasema, "Fumba macho. Ukihisi nimekugusa, sema ndiyo." Leo mama muuza mkaa alisema ndiyo mara tatu Sista hajainama bado.

"Mama," nikamwambia, "mtihani huu hata ukiibia unafeli."

Benchi zima likacheka. Sista akanikata jicho. Sista ana umri wa mjukuu wangu na macho ya mama mkwe wangu.

Jumapili, Machi 9

Mvua. Chai kavu. Mke wangu kaihamisha sukari. Nimeshajua iko wapi, ila sitaigusa. Nataka tu ajue kwamba najua.

Jumatatu, Machi 10

Nimecheza drafti kwa Bwana Suti. Huyu ni fundi cherehani, jirani yangu, rafiki yangu, na adui yangu wa kila jioni. Tulipanga vibanda ubavu kwa ubavu tangu sote tuna nywele: yeye akiwavika watu juu, mimi nikiwavika chini. Mimi nimestaafu. Yeye bado anakanyaga pedali ya cherehani kwa mguu wa kulia kama anaendesha gari la moshi. Tunachezea vizibo vya soda, vyake vyekundu, vyangu vya kijani.

Ananiita Kiraka. Mimi namwita Bwana Suti kwa sababu huvaa suti hata kwenda kuteka maji, na viatu vyeusi vyenye ncha kama kalamu. Viatu vile ni dhambi. Nimemwambia hivyo tangu ujana: mguu wa binadamu haukuchongwa na kichongeo.

"Njoo Alhamisi nikutazame nyayo," nikamwambia leo.

"Unitazame kwani mimi mchumba wako?"

"Upimwe na sukari pia. Umri wetu huu..."

"Umri wako. Mimi niko imara. Cheza, Kiraka, acha kampeni."

Kanila kete nne kwa mkupuo. Sijambo.

Jumamosi, Machi 15

Leo nimenusurika, na aliyeniokoa ni yule yule adui yangu wa drafti.

Asubuhi nilimeza dawa, nikachelewa kula kwa sababu ya kiburi: nilikuwa nanuna juu ya chai kavu. Jioni nikaenda kwa Bwana Suti. Nakumbuka ubao ukianza kuogelea, na mikono yangu ikitetemeka, jasho likinitoka kama nimebeba gunia. Mengine kanisimulia yeye.

Anasema alinila kingi, kete yangu kubwa, nami badala ya kumtukana nikainua macho nikasema kwa upole, "Hongera sana, ndugu yangu. Unacheza vizuri."

Hapo akaruka. Akafungua kabati la vitambaa, akatoa chupa ya soda, akaninywesha mwenyewe huku kanishika kisogo kama mtoto. Nilipozinduka suti yake ilikuwa imemwagikiwa yote mbele.

"Ulijuaje sukari imeshuka?" nikamuuliza.

"Umenijua miaka yote hii hujawahi kunisifu. Nikajua unakufa."

Nimecheka njia nzima. Sasa nimekaa na kalamu na kicheko kimeisha. Mtu asiye na sukari, asiyetumia vitu vitamu mbele ya wateja, anaweka soda kabatini nyuma ya vitambaa ya nini? Na alijuaje kuninywesha kidogo kidogo, na kunikalisha wima, na kunipa mkate baadaye?

Jumapili, Machi 16

Nimemwambia mke wangu. Kasema, "Hukujua? Mimi nilishaona anakataa keki kwenye harusi tatu. Mwanamume hakatai keki ya bure ila kuna jambo."

Alhamisi, Machi 20

Miguu mingi, mvua nyingi, fangasi za kila rangi. Nimempeleka mzee mmoja kwa Sista kabla kidonda chake hakijafungua mdomo. Sista kasema, "Kazi nzuri, babu." Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani, nikateleza kwenye tope mlangoni. Hakuna aliyeona ila mke wangu, yaani mji mzima.

Jumamosi, Machi 22

Kuna panya amekufa kwa Bwana Suti. Harufu inakuja na kuondoka. Nimemwambia, kajifanya hasikii, kisha akakubali. Tumeondoa vitambaa vyote, tumesogeza meza, tumeinua ubao wa chini ya cherehani. Wazee wawili matako juu, tukigongana vichwa. Mke wangu alipita akauliza, "Shemeji, mnasujudia nini?" Hatukupata panya. Tumepata mkasi aliosema nilimwibia mwaka jana. Hajaomba radhi.

Jumanne, Machi 25

Panya bado. Bwana Suti kanunua manukato. Sasa ni panya aliyekwenda harusini.

Jumatano, Machi 26

Upepo wa mvua umepiga kibanda katikati ya mchezo, ubao ukapinduka, vizibo vikatawanyika. Mimi nilikuwa nimevua viatu chini ya meza kwa sababu ya maji. Tukaokota vyote ila kimoja, chekundu, cha kwake. Kanishutumu wizi.

"Kiraka, nikupekue nisikupekue?"

"Pekua. Ukikikuta, nioe."

Tumemalizia kwa kifungo cha koti. Nimeshinda. Anasema haihesabiki.

Alhamisi, Machi 27

Leo naandika mpaka kalamu iishe.

Niliamka nimechelewa, mvua inapiga bati kama inadai kodi. Nikavaa soksi, nikachomeka miguu viatuni, nikatoka mbio. Kliniki ilikuwa imejaa. Nimeinama, nimevua, nimetia mkono, nimemulika. Baada ya saa sita akakaa dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya honi. Nikamvua kiatu.

Panya.

Ile ile harufu, ya kibandani. Nikabaki nimeshika kiatu cha watu kama mtu aliyepigwa kofi. Dereva alikuwa na kidonda chini ya kisigino, kinatoa usaha, na yeye anatabasamu tu kwa kuwa hakimuumi. Sista akamchukua. Mimi nikavua aproni.

"Babu, wapi? Kuna watu bado!"

"Kuna mguu mmoja nje ya foleni, Sista. Nipe beseni na tochi."

Alinitazama mara moja, akanipa. Hakuniuliza. Ndiyo maana nampenda mtoto yule, ingawa sitamwambia.

Bwana Suti alikuwa anakanyaga cherehani. Nikasimama mlangoni na beseni langu, maji yananichuruzika.

"Vua kiatu."

"Habari za mchana kwako pia."

"Panya yumo kiatuni mwako, ndugu yangu. Vua."

Pedali ikasimama. Sikuwahi kumwona na uso ule. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni fundi wa watu wa heshima, hajawahi kuvua kiatu mbele ya mtu tangu mkewe afariki, na nisifikiri kwa kuwa nimepewa aproni ya pazia basi mimi ni daktari. Nikajibu. Akajibu. Maneno mengine siandiki, wajukuu wanaweza kusoma. Mwisho akaniambia, "Unawavua watu nguo za miguu kila wiki, wewe nani kakutazama? Vua vyako kwanza!"

"Navua! Unadhani naogopa?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikavua cha kushoto, nikamwonyesha pengo la kidole. "Umeona? Hapa pana hewa." Nikavua cha kulia kwa mbwembwe, nikakitikisa.

Kikaanguka kizibo. Chekundu.

Kiligonga sakafu, kikazunguka, kikalala katikati yetu kimeangalia juu.

Bwana Suti alicheka mpaka akashika cherehani asianguke. "Kete yangu! Mwizi! Mwizi wa mchana! Umeificha kiatuni!" Akapiga magoti kuiokota, bado anacheka, na akiwa pale chini akauona unyayo wangu. Nikauinua nami nikauona kwenye kioo chake cha wateja. Meno ya kizibo yalikuwa yamechora duara jekundu, kamili, kama muhuri wa serikali, na upande mmoja ngozi imeanza kuachia.

Kicheko kikakatika kama uzi.

"Tangu jana?" akauliza.

"Tangu jana. Nimekwenda nacho nyumbani. Nimetembea nacho kwenda kliniki. Nimekaa nacho, nimeinuka nacho, nimerudi nacho."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia."

"Hata kidogo?"

Mtu anayeingiza mkono kwenye viatu vya mji mzima, na chake hakukigusa! Mganga hajigangi, sawa, lakini angalau asijitembeze na kizibo. Nikatikisa kichwa tu.

Alibaki amenishika mguu. Mikono ya fundi cherehani ni laini, sikujua. Kisha akainuka, akafunga mlango wa kibanda, akavuta pazia la kupimia, akakaa. Akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia. Zilimshinda. Nikamfungulia.

Soksi ilikuwa imeganda. Niliilowesha kwenye beseni mpaka ikaachia, polepole, na chini ya vidole nikakuta kichwa kidogo cheupe, cha duara, kama lulu. Pini. Pini yake ya kupindia pindo, imezama yote kwenye nyama, na kandokando yake mguu umebadilika rangi mpaka kwenye vidole viwili vya mwisho.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwake kilikuwa soksini.

"Nimezitafuta pini hizi maisha yangu yote sakafuni," akasema. "Huwa nazisikia zikinichoma."

Akaniambia yote. Anajua ana sukari mwaka wa tatu sasa. Anakwenda kupimwa mji mwingine, na suti ya safari, asionekane. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ulipokatwa kidole watu walicheka na wewe. Mimi wangenicheka mimi."

Sikuichomoa ile pini. Sista alishatufundisha, kilichozama kiachie hospitali. Nilimfunga kitambaa safi, nikatafuta gari, nikamshika mkono. Mlangoni aligeuka akaniambia nimletee koti.

Ijumaa, Machi 28

Hospitali. Pini imetoka. Usaha umeingia ndani. Daktari anasema watapigana na homa kwanza kwa dripu, halafu wataamua wakate wapi: vidoleni, au juu ya kifundo. Bwana Suti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Daktari, pedali ya cherehani inakanyagwa na nini?"

Sista kanifunga lile duara langu na kunisema mbele ya wodi nzima. Nilistahili, na alipendeza akinisema.

Jumapili, Machi 30

Homa haijashuka. Mvua nayo.

Jumanne, Aprili 1

Amekataa kukatwa chochote. Kasema heri azikwe kamili na viatu vyake. Nikajua kubembeleza hakutafaa, maana hata mkewe marehemu hakuwahi kumbembeleza akafaulu.

Nikamwambia, "Vizuri. Mimi ndiye nitakayekuvalisha siku hiyo. Na nitakuvalisha kandambili."

"Huthubutu."

"Za bluu. Pea moja, zote mbili za kushoto."

Mdomo ukamcheza. Akasema, "Mwite huyo daktari, kabla sijakufia mikononi mwako, mshenzi wewe."

Amesaini kwa mwandiko mzuri, kama anaandika vipimo vya suti.

Alhamisi, Aprili 3

Kaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi, na leo ni siku ya miguu. Mke wangu kasema, "Nenda kazini. Mimi nitakaa mlangoni kwake. Wewe ukikaa hapa utawatania madaktari wakosee."

Nikaenda. Kabla ya kuvaa viatu nilitia mkono ndani mpaka kwenye ncha, mara mbili. Kliniki sikutania hata mmoja. Muuza mkaa akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa namulika unyayo wa kila mtu kama unyayo ule ule mmoja. Nikawaambia habari ya kizibo, mwenyewe, kwa sauti, na nikavua kiatu nikawaonyesha alama. Walicheka. Halafu, bila kuambiwa, mmoja mmoja wakaanza kuinama na kuchungulia viatu vyao, benchi zima, kama watu waliopoteza pete.

Mchana mke wangu akatokea mlangoni. Akainua vidole viwili, kisha akapapasa kifundo chake, akatabasamu.

Vidole viwili. Mguu upo.

Nimemulika mguu uliokuwa mbele yangu na sikuona kitu, macho yalikuwa yamejaa mvua.

Jumatano, Aprili 9

Kaanza matusi. Anapona. Leo kapiga hesabu ya vidole vya miguu: "Mimi nane, wewe tisa. Tukiunganisha tuna kumi na saba. Mtu mmoja na ziada." Nikamwambia ziada ni yangu.

Alhamisi, Aprili 24

Yuko nyumbani. Anafundisha mguu wa kushoto kukanyaga pedali wakati wa kulia unapumzika, na anautukana kama mwanafunzi mzito. Mshono wa kwanza umekwenda upande kama mlevi. Wa pili umenyooka. Kidonda anakitazama mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa kioo cha wateja. Jana alimwambia mteja wazi, bila kupepesa, "Subiri kidogo bwana, natazama mguu wangu, nina sukari." Nilikuwa nimekaa pale. Nikainamia ubao nikajifanya nahesabu kete.

Miaka yote nilidhani yule ni mtu wa kujiona tu. Kumbe alikuwa amebana pumzi.

Nimemshonea viatu. Vipana mbele, vya ngozi laini, bila msumari hata mmoja. Kasema vinafanana na mashua mbili. Kavivaa.

Jumapili, Mei 4

Mvua inaishia. Sukari yangu asubuhi imekaa pazuri. Mke wangu kaandika tarakimu kwa chaki mlangoni, wapita njia waone.

Alhamisi, Mei 15

Jua kamili. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda, benchi limejaa, alipoingia kliniki na fimbo. Kavaa suti. Juu ya suti kavaa aproni ya kijani aliyojishonea, yenye kola ya koti, mfuko wa leso, na leso ndani yake. Yangu ya pazia ikajificha kwa aibu.

"Sista," akasema, "nimekuja kujitolea. Huyu mzee wenu anatumia mkono peke yake, na mkono una umri. Mimi nina hii." Akatoa mfukoni sumaku yake ya kuokotea pini, imefungwa utepe.

Sista akanitazama mimi. Eti mimi niamue! Nikakohoa kama mkubwa wa kazi.

"Kwanza sema una uzoefu gani," nikamwambia.

Nilitaka kumtania tu. Lakini yeye akaligeukia benchi, akasimama wima, akavua kiatu cha kulia mbele ya wote, na soksi, akauweka mguu ule juu ya kigoda changu. "Pini," akawaambia. "Pini niliyoidondosha mwenyewe. Nilitembea nayo siku sijui ngapi, na nilikuwa naficha. Ulizeni mnachotaka."

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa akauliza kama alisikia uchungu. Dereva wa lori, na fimbo yake, akasogea kumpisha nafasi.

Mimi nimepata watoto na wajukuu, nimeshona viatu vya mabibi harusi na vya wabunge, na sijawahi kujaa kifua kama nilivyojaa leo kwa mguu wa mtu mwingine.

Nikamsogezea kigoda cha pili. "Haya, Bwana Suti. Utaanza na nani?"

"Na wewe. Vua."

"Mimi nimeshajitazama."

"Ulijiamini hivyo hivyo mwezi wa tatu. Vua!"

Benchi likashangilia. Nikavua. Akapitisha sumaku ndani ya kiatu changu na ikalia, ta! Akapiga kelele ya ushindi mpaka mlinzi wa getini akachungulia. Nikamweleza kwamba hiyo ni misumari ya kisigino, imelala ndani ya soli, niliigonga mwenyewe. Akasema hapokei utetezi. Kisha akaweka sumaku pembeni, akatia mkono mzima ndani, taratibu, macho kayafumba, vidole vikapapasa mpaka kwenye ncha, kama mtu anayetafuta kosa kwenye mshono wake mwenyewe.

Akautoa mkono mtupu. Akakigeuza kiatu, akakiweka mbele ya mguu wangu.

"Vaa, Kiraka," akasema. "Anayefuata!"